Mgeni ulingoni Japani: kazi ya Stan Hansen, na milango iliyobaki leo

Swali: Nina miaka 22, niko Morogoro, nacheza judo na nafuatilia mieleka ya Japani kwenye simu. Naona watu kama Stan Hansen, ambao kwao Marekani hawakuwa majina makubwa kiasi hicho, lakini Japani wanaheshimiwa kama wafalme. Ilikuwaje? Na mgeni wa leo, hasa asiye Mmarekani, anaanzia wapi, analipwaje, na nini kinawakwamisha wengi?

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, na la Hansen ndilo linalofungua la pili, kwa hiyo tuanze nalo.

Tuwekane sawa kwanza. Katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa kabla ya kengele. Maumivu na mifupa kuvunjika havipangwi. Mashabiki wa Japani wanalijua hilo, na bado wanafuatilia matokeo, mikanda na ligi kama mtu anavyofuatilia mpira. Ukisikia kwamba mgeni "alitwaa mkanda", elewa kwamba kampuni ilimwamini kiasi cha kumkabidhi biashara yake. Ushindi ni cheo anachopewa mfanyakazi, na kupata cheo Japani kuna kanuni zake.

Kiti cha mgeni kilikuwapo kabla Hansen hajafika. Rikidozan, mzaliwa wa Korea aliyeacha sumo, alianzisha chama chake cha mieleka 1953. Februari 19, 1954 alipanda ulingoni Tokyo akiwa na mwanajudo Masahiko Kimura kupambana na ndugu wawili kutoka Kanada, Ben na Mike Sharpe. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 9 tu nyuma, televisheni za majumbani zilikuwa za kuhesabu, na watu walijazana mitaani mbele ya zile zilizowekwa hadharani kumtazama Mjapani akiwabwaga Wazungu wenye miili mikubwa. Hapo ndipo kazi ya mgeni ilipopata sura yake: aje na ukubwa wake na vitisho vyake, ili mwenyeji apate mtu wa maana wa kupigana naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, kwa maana yake halisi kabisa. Mei 24, 1963, Rikidozan alipopambana na The Destroyer, mtu wa Buffalo aliyevaa barakoa nyeupe, kipimo cha watazamaji wa televisheni kilifika asilimia 64. Destroyer huyo baadaye alihamia Japani, akawa mchekeshaji kwenye televisheni, na mwaka 2017 serikali ya Japani ikamtunuku nishani. Kumbuka kwamba aliingia kama adui.

Sasa Hansen. Alizaliwa Texas 1949, akacheza futiboli ya Kimarekani katika chuo cha West Texas State, chuo kile kile cha akina Dory na Terry Funk na Bruiser Brody. Akina Funk ndio waliomfundisha mieleka, na ndio waliokuwa wakipeleka Wamarekani kwa Giant Baba, mwenye kampuni ya All Japan. Hivyo ndivyo Hansen alivyofika Japani mara ya kwanza 1975. Ziara ile haikumpa jina. Aprili 26, 1976, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alimnyanyua bingwa Bruno Sammartino ili ambwage, akamwangusha vibaya na kumvunja mfupa wa shingo. Kosa lilikuwa la mbwago wa kawaida kabisa, lakini wauza tiketi walitangaza kwamba shingo ilivunjwa na lariati, pigo lake la mkono. Habari hiyo ilivuka bahari. Alipoitwa tena Japani 1977, safari hii na New Japan, kampuni pinzani ya Antonio Inoki, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshatangulia kumtangaza.

Februari 8, 1980 alimshinda Inoki na kuchukua mkanda wa NWF, ubingwa wa New Japan enzi hizo. Septemba 23, 1981 alipambana na Andre the Giant, lile jitu la Ufaransa, katika uwanja wa Den-en, akamnyanyua na kumbwaga, jambo lililofanywa na watu wachache sana duniani. Mwaka huo huo New Japan ilimchukua mgeni mwingine, Abdullah the Butcher, kutoka All Japan, na Baba akajibu kwa kumchukua Hansen kimyakimya. Desemba 13, 1981, kwenye fainali ya ligi ya timu za watu wawili, ukumbi wa Kuramae, Tokyo, mashabiki walimwona Hansen akiingia na Brody na Jimmy Snuka huku amevaa nguo za kawaida. Kabla pambano halijaisha alimkata Terry Funk kwa lariati nje ya ulingo. Februari 4, 1982 alikutana na Baba mwenyewe, ambaye wengi walishaanza kumwona mzee. Gazeti la Tokyo Sports likalipatia pambano hilo tuzo ya pambano bora la mwaka. Hansen ndiye aliyeshambulia, lakini aliyefufuka machoni pa watu siku ile ni Baba.

Ukitaka kuona thamani ya Hansen, tazama alivyoshindwa. Aprili 18, 1989 alifungwa na Jumbo Tsuruta, nyota Mjapani wa kampuni, na mikanda mitatu ikaunganishwa kuwa ubingwa mmoja mkuu wa All Japan. Januari 1992 aliuchukua ubingwa huo kutoka kwa Tsuruta, na Agosti 22 mwaka huo huo, ukumbi wa Budokan, akauachia kwa kijana Mitsuharu Misawa. Misawa akawa mhimili wa kampuni kwa miaka iliyofuata. Mtu wa kawaida angemshinda Misawa kwa ujanja au angeshindwa kivivu. Hansen alimtwanga kweli kweli mpaka ushindi wa Misawa ukawa na uzito. Alishika ubingwa ule mara 4, na kazi yake ikaishia Japani, kwa sherehe ya kuagwa Tokyo Dome Januari 28, 2001.

Mlinganishe na rafiki yake Brody, ambaye kwa kipaji hakuwa nyuma yake hata kidogo. Machi 1985 Brody alihama All Japan akaenda New Japan. Desemba mwaka huo huo, yeye na Snuka waliondoka ghafla na kuiacha fainali ya ligi ya timu bila wapinzani. Ukumbi ulishauzwa, televisheni ilishapangwa. New Japan ikamfungia mlango, na ilimchukua hadi 1987 kurudi kwa Baba. Kisa cha kugoma kilikuwa kile kile cha siku zote, nani amlalie nani, yaani nani akubali kushindwa. Hansen naye aliwahi kuhama, lakini alihama ziara ikiwa imekwisha. Kwa jicho la Mjapani, mambo hayo mawili hayako karibu hata kidogo.

Ulimwengu wa enzi ile ulikwenda kwa ziara. Kampuni ilipanga misururu kadhaa kwa mwaka, kila mmoja wiki 3 hadi 6 au zaidi, ukumbi baada ya ukumbi, kutoka Hokkaido hadi Kyushu. Mgeni alilipwa kwa wiki, kwa dola, tiketi ya ndege na hoteli vikiwa juu ya kampuni. Wageni walipanda basi lao na Wajapani lao, ili shabiki asiwaone maadui wakila pamoja. Kila kampuni ilikuwa na mtu wa kuwaangalia wageni: All Japan alikuwa Joe Higuchi, New Japan alikuwa Tiger Hattori, na wote wawili walikuwa waamuzi pia. Mtu huyo alikupokea uwanja wa ndege, akakutafsiria, akakupeleka hospitali, na usiku akapeleka ripoti juu. Ukimdharau, ziara inayofuata jina lako halimo. Leo mabasi hayatengwi kwa ukali ule, lakini mtu wa namna hiyo bado yupo kila kampuni, na neno lake bado lina uzito.

Kuhusu ule "ukali" wa Japani ambao vijana wengi huukosea. Chukua lariati yenyewe. Mpigaji hukimbia mkono ukiwa umekunjwa kidogo kwenye kiwiko, na kinachogusa ni upande wa ndani wa mkono wa juu, kwenye msuli, kifuani chini kidogo ya mtulinga. Mpigwaji hushusha kidevu, hukaza tumbo, huupokea mkono huku akijirusha nyuma, na kutua chali kwa mgongo mzima. Mkono ukipanda sentimita 5, umegonga koo. Mpigwaji akisita na kusimama wima, nguvu yote inabaki shingoni. Mpigaji akinyoosha kiwiko kabisa, ni kiwiko chake kitakachoumia. Hansen alikuwa haoni mbali vizuri, na ulingoni huvai miwani, kwa hiyo alipiga kwa nguvu na kumwachia mwenzake kazi ya kujipanga. Februari 10, 1990, Tokyo Dome, walipogongana na Mmarekani mwenzake Vader, jicho la Vader lilitoka mahali pake. Akavua barakoa, akalirudisha kwa mkono, akaendelea. Watu husimulia kisa hicho kwa kujisifia. Mimi nakisoma kama ajali kazini.

Ajali mbaya zaidi zipo. Aprili 9, 2017 Katsuyori Shibata alimpiga Kazuchika Okada kwa kichwa, fuvu kwa fuvu, na usiku ule ule akafanyiwa upasuaji wa damu iliyovuja ndani ya kichwa. Misawa mwenyewe alifariki Juni 13, 2009 baada ya kuangushwa kwa mgongo na shingo ulingoni Hiroshima, mwisho wa miaka mingi ya kuangukia shingo. Kupiga kifua kwa kiganja kunauma na kunaacha alama nyekundu, ila kesho unafanya kazi. Kichwa hakina kesho ya namna hiyo. Mgeni anayedumu ni yule anayejua kupiga kwa nguvu panapostahimili, na ambaye mwenzake anaamka asubuhi akiwa mzima.

Wewe una judo, na hiyo ni akiba nzuri, lakini usiitegemee kwa kila kitu. Wanajudo wakubwa wameshapita njia hii. Anton Geesink wa Uholanzi, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki Tokyo 1964, aliingia All Japan 1973 kwa kishindo na hakung'ara kama ilivyotarajiwa. Allen Coage, Mmarekani mweusi aliyepata shaba Montreal 1976, aliingia dojo, yaani shule ya mazoezi, ya New Japan 1977, akajifunza kazi kuanzia chini, akaishi kwa mieleka miaka mingi kwa jina la Bad News Allen. Medali ilimfungulia Geesink mlango, lakini kilichomweka Coage ndani ni kukubali kuwa mwanafunzi tena.

Tofauti ya kwanza utakayoihisi ni kuanguka. Kwenye judo mara nyingi unaanguka kwa ubavu, mkono mmoja ukipiga mkeka, na mkeka ni laini. Ulingo wa mieleka ni mbao juu ya vyuma, zenye godoro jembamba na turubai. Unaanguka chali: kidevu kifuani, macho yakitazama kitovu, mikono yote miwili ikipiga turubai kwa pembe ya kama digrii 45 kutoka mwilini, nyayo zikitua sambamba, pumzi ikitoka wakati wa kugusa. Uzito utawanyike kwenye mabega na mgongo wa juu. Ukitazama dari, kisogo kitagonga. Ukitanguliza mkono nyuma kujizuia, utavunja kifundo au kiwiko, na hili ndilo kosa la wanaoanza wote. Ukikalia mkia, kiuno kitakuuma wiki nzima. Anza ukiwa umechuchumaa, kisha nusu wima, kisha wima. Maanguko 10 yaliyo safi kwa siku yanatosha mwezi wa kwanza, na ukisikia kichwa kizito, acha siku hiyo.

Ya pili ni miguu. Dojo za Japani hupima watu kwa kuchuchumaa na kuinuka, mara 500 bila kukaa, na siku nyingine 1,000. Wageni wenye misuli mikubwa ya jimu huanguka hapa kabla ya kufundishwa kabali hata moja. Jipangie mafungu 4 ya 50, ongeza taratibu mpaka ufike 500 mfululizo katika miezi 4 au 5. Magoti yakianza kulia, punguza kina badala ya kulazimisha idadi. Shingo nayo: daraja la kulalia kichwa, kwanza mikono ikisaidia, kisha bila mikono, mpaka dakika 3. Usirukie hili la mwisho.

Sasa milango ya leo. Ipo mitatu.

Mlango mgumu kuliko yote ni dojo lenyewe. Jay White wa New Zealand aliingia dojo la New Japan na kuanza mapambano 2015. Kijana wa dojo anaishi bwenini, anafagia, anafua, anapika chanko, yaani mchuzi mzito wa nyama na mboga wanaokula wote, anabeba mizigo ya wakubwa na kusaidia kufunga ulingo. Ulingoni anavaa chupi nyeusi na buti nyeusi, na anaruhusiwa mbinu chache: kupiga kwa mkono, teke la kuruka, mbwago, na kumkunja mtu miguu kwa nyuma mpaka asalimu amri. Anashindwa karibu kila siku. White alitumwa nje katikati ya 2016, akarudi mwishoni mwa 2017, Januari 2018 akamfunga Kenny Omega na kuchukua mkanda wa Marekani wa New Japan, na Februari 11, 2019 akatwaa ubingwa mkuu wa kampuni, uitwao IWGP. Miaka 4 kutoka ufagio hadi mkanda ni haraka mno, usiifanye kipimo. Prince Devitt wa Ireland na Bad Luck Fale, mwenye asili ya Tonga, walipita dojo hilo hilo kabla yake. Siku hizi New Japan ina dojo pia Los Angeles, lililofunguliwa 2018 chini ya Shibata, na Fale ana lake Auckland. Kwa mtu asiye na jina popote, hizo mbili ndizo zinazofikika kuliko kubisha hodi Tokyo moja kwa moja.

Mlango wa pili ni kampuni ndogo. Omega, kijana wa Winnipeg, hakungoja New Japan imwone. Alikwenda DDT 2008, kampuni yenye vichekesho vingi na mbinu za ajabu, akajifunza Kijapani, akakaa. New Japan ilimchukua mwishoni mwa 2014. Mwaka 2016 alikuwa mgeni wa kwanza kushinda ligi ya G1 Climax, iliyokuwapo tangu 1991, na baada ya fainali akashika kipaza sauti akazungumza na ukumbi kwa Kijapani. Juni 9, 2018, Osaka, alimfunga Okada na kuwa bingwa. Hesabu vizuri: miaka 10. Hapa lugha ni chombo cha kazi kabisa, maana anayeshinda pambano la mwisho ndiye anayefunga onyesho kwa maneno, na kampuni haiwezi kumpa pambano la mwisho usiku baada ya usiku mtu asiyeweza kuwaaga watu waliolipa. Zack Sabre Jr., Mwingereza, alikaa kampuni ya NOAH miaka kadhaa kabla ya kwenda New Japan. 2024 akashinda G1, wa pili kati ya wageni, na Oktoba mwaka huo akawa bingwa wa dunia wa kampuni.

Wa tatu ni kualikwa ukiwa tayari una jina, kama AJ Styles, aliyefika 2014 na kutwaa mkanda mkuu karibu siku ya kwanza. Huo haukuhusu kwa sasa. Kwa wanawake kuna Stardom na kampuni nyingine kadhaa. Toni Storm alishika ubingwa mkuu wa Stardom 2017, na utaratibu wa ziara na viza ni huu huu.

Tuje kwenye fedha na karatasi, mahali wengi wanapojikwaa. Mtanzania, Mkenya na Mganda wote wanahitaji viza hata kwa matembezi, na viza ya matembezi hairuhusu kulipwa. Promota akikwambia "njoo kama mtalii tutayamaliza huku", mkatalie. Ukikamatwa na kufukuzwa nchini, hurudi kwa miaka 5. Unachotakiwa kuwa nacho ni hadhi ya mtumbuizaji, ile ya wanamuziki na wanamichezo wa maonyesho. Kampuni ya Japani ndiyo inayoanza: inapeleka uhamiaji mkataba unaoonyesha kazi, muda na malipo, hati za kampuni, na nakala ya pasipoti yako, ili kuomba cheti cha kustahiki. Hiyo huchukua kati ya mwezi 1 na 3. Cheti kikitoka kina uhai wa miezi 3, ndani yake upate viza ubalozini na uwe umeshaingia Japani. Ubalozi wa Japani Dar es Salaam ukipewa cheti na karatasi zilizokamilika, kwa kawaida ni siku chache za kazi. Hadhi hiyo hutolewa kwa siku 30, miezi 3, miezi 6, mwaka 1 au miaka 3. Ukipewa zaidi ya miezi 3 utapata kadi ya ukaazi, na una siku 14 za kuandikisha anwani yako kwenye ofisi ya wilaya mara ukishapata makazi.

Kodi: asiye mkaazi hukatwa asilimia 20.42 ya malipo yake hapo hapo. Ukiahidiwa yeni 300,000, shika 238,740 mkononi, na udai karatasi ya makato. Uliza kabla ya kusaini kama kiasi kinachotajwa ni kabla au baada ya kodi. Swali hilo moja limewaokoa wengi. Uliza pia mauzo ya fulana na picha yanagawanywaje, kwa sababu kwenye kampuni ndogo meza ya bidhaa mara nyingi inaleta fedha kuliko pambano lenyewe. Na bima: ukikaa zaidi ya miezi 3 unaingia bima ya taifa ya afya, inayolipa asilimia 70 ya matibabu. Ukiwa na ziara fupi ni bima ya safari tu, na bima nyingi za safari zina kifungu kinachotoa nje michezo ya kulipwa ya kugusana miili. Kisome kifungu hicho kabla ya kupanda ndege.

Jambo moja kuhusu sura utakayouziwa. Abdullah the Butcher, aliyeshinda ligi ya Champion Carnival 1976 na 1979 na kumchoma Terry Funk mkono kwa uma 1977, alitangazwa kama mtu wa Sudan. Ni mtu wa Windsor, Ontario. Kamala, "jitu la Uganda" lenye mkuki na rangi usoni, alikuwa James Harris wa Mississippi. Kwa hiyo kuna promota atakayemwona Mwafrika wa kweli na kufikiria ngozi ya chui. Sikwambii njaa haisemi, ila jua kwamba sura ya namna hiyo inakufungia chini: mhusika asiyeongea hawezi kufunga onyesho, na asiyefunga onyesho halipwi kama bingwa. Judo yako inauzika vizuri zaidi. Hakikisha pia mkataba unasema jina la ulingoni ni mali ya nani ukiondoka.

Kuondoka huko hutokea. Styles alikwenda WWE, kampuni kubwa ya Marekani, 2016. Omega 2019, White 2023 na Will Ospreay 2024 walikwenda AEW, kampuni nyingine ya Marekani. Kila mmoja alipoondoka kiti kilibaki wazi, na aliyekalishwa hakuwa mtu mpya kutoka nje. Alikuwa mgeni aliyekwisha kuwa ndani, anayejulikana na waamuzi, wapishi na mashabiki.

Ukituma maombi, tuma pambano moja zima la dakika 10 hadi 15 lisilokatwa, na vipande vya kuanguka chali, daraja la shingo na kuchuchumaa ukiwa umepigwa picha kwa ubavu ili wahesabu. Usitume mkusanyiko wa mbinu za hewani wenye muziki. Hawaoni humo unavyopokea pigo. Andika urefu, uzito, dani yako ya judo, majeraha ya zamani kwa ukweli, na tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kama umezoea mwamuzi kuhesabu hadi 10 kwa aliye nje ya ulingo, fahamu kwamba New Japan huhesabu hadi 20, na pambano linapangwa kwa kuzingatia hilo. Michoro ya mwilini itakufungia mabafu ya umma na jimu nyingi. Na dawa: amfetamini ni marufuku hata ukiwa na cheti cha daktari, dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini nazo pia, na bangi ni jinai kuimiliki na, tangu Desemba 2024, hata kuivuta. Dawa nyingine za daktari unaruhusiwa akiba ya mwezi mmoja. Zaidi ya hapo omba kibali kabla ya kusafiri, maana forodha inaweza kufungua mabegi yako.